Mitambo ya gesi ya Rubavu: kutoka ubao wa kuchorea hadi akili mnemba

Katika maji ya kina ya Ziwa Kivu, kuanzia mita 260 hivi kwenda chini, kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na kilomita za ujazo 60 za methani. Gesi hizo zimetulia huko kwa sababu maji ya chini ni mazito kuliko ya juu. Chemchemi zinazobubujika sakafuni huyaongezea chumvi na kaboni dioksidi, na tabaka za chini hazichanganyiki na za juu hata upepo uvume vipi. Kaboni dioksidi nyingi hutoka kwenye volkano za eneo hilo. Methani hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni.

Kuivuna methani hiyo kunahitaji mtambo wa vipande vingi vinavyotegemeana: bomba refu la kupandishia maji, chombo cha kutenganisha gesi na maji, mnara wa kuoshea gesi, bomba la kurudisha maji ziwani, na jukwaa linaloelea la kubeba vyote hivyo. Mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulijengwa Rubona, karibu na mji wa Gisenyi, ambao leo ni kitovu cha Wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda. Tangu hapo kazi ya kuisanifu mitambo hii imepita kwenye ubao wa kuchorea, kwenye kompyuta inayokokotoa, na sasa inakaribia mlango wa akili mnemba. Safari hiyo haijawa nyoofu, na hatua zake za mbele hazikutoka zote kwenye programu.

Kuwepo kwa gesi kulijulikana mwaka 1935, Mbelgiji Hubert Damas alipopima maji ya kina na kukuta yamejaa gesi. Vipimo zaidi vilifuata katika miaka ya 1950, Rwanda ikiwa bado chini ya utawala wa Ubelgiji. Mwaka 1957 kampuni ya Bralirwa ilianzishwa na kiwanda chake cha bia kikajengwa Gisenyi. Kiwanda cha bia kinakula mvuke mwingi, mvuke unataka mabwela, na mabwela yanataka moto. Methani ilikuwa mbele ya mlango. Mwaka 1963 kampuni ya Kibelgiji ya Union Chimique Belge iliweka mtambo wa majaribio katika Rasi ya Rubona, na gesi yake ikapelekwa kuwasha mabwela ya Bralirwa. Mtambo huo mdogo ulidumu kwa takriban miaka 40.

Kanuni iliyoufanya mtambo wa Rubona ufanye kazi ndiyo inayotumika hadi leo. Katika kina cha mita 350 mgandamizo ni karibu mara 35 ya ule wa hewa ya kawaida, na gesi hubaki imeyeyuka. Bomba likishushwa huko na maji yakavutwa juu kwa pampu kwa muda mfupi, mgandamizo hupungua kadiri yanavyopanda, na mapovu huanza kutokea kama ilivyo kwa chupa ya bia iliyofunguliwa. Mchanganyiko wa maji na mapovu ni mwepesi kuliko maji yaliyo nje ya bomba, kwa hiyo huendelea kupanda wenyewe hata pampu ikizimwa. Lita moja ya maji ya chini kabisa hubeba gesi inayofikia lita mbili na nusu ikitolewa juu, na sehemu kubwa yake ni kaboni dioksidi. Hapo ndipo kazi ya uhandisi inapoanza, kwa sababu kaboni dioksidi haiungui na lazima iondolewe.

Jibu ni maji yenyewe. Kaboni dioksidi huyeyuka katika maji takriban mara 25 zaidi ya methani. Gesi ghafi ikipitishwa kwenye mnara unaomwagiwa maji ya juu ya ziwa, kaboni dioksidi humezwa na maji na methani hubaki. Lakini kila uamuzi katika mtambo huu una gharama yake mahali pengine. Kitenganishi kikiwekwa chini zaidi, penye mgandamizo mkubwa, gesi inayotoka huwa na methani nyingi kwa kulinganisha, ila sehemu ya methani hubaki ndani ya maji na kurudi ziwani bila faida. Kikipandishwa juu, karibu methani yote hutoka, ila huandamana na kaboni dioksidi tele, na mnara wa kuoshea lazima uwe mkubwa. Mnara mkubwa unataka maji mengi, nayo maji hayo humeza kiasi cha methani. Kipenyo cha bomba, kina cha kitenganishi, mgandamizo ndani yake, wingi wa maji ya kuoshea na kina cha kurudishia maji ni mambo yaliyofungamana: ukigusa moja, mengine yote yanasogea.

Wahandisi wa 1963 waliyatatua mambo hayo kwa penseli, rula ya kukokotolea na uzoefu, kama wahandisi wote wa wakati ule. Kwa sadfa, mwaka huohuo katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alikamilisha tasnifu yake juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Mtumiaji alichora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, kisha akaiambia mashine masharti: mistari hii iwe sambamba, duara hizi ziwe sawa. Mashine yenyewe iliurekebisha mchoro hadi masharti yatimie. Wazo hilo la kutaja masharti na kuiachia mashine itafute umbo ni mmoja wa mizizi ya kinachoitwa leo usanifu wa akili mnemba.

Hatua ya pili ilipigwa Berlin, na inahusiana na Rubona kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1960 Ingo Rechenberg na Hans-Paul Schwefel walianza kutafuta maumbo ya mitambo kwa kuiga mabadiliko ya viumbe: badili kidogo kwa bahati nasibu, pima, hifadhi kilicho bora, rudia. Mwaka 1968 Schwefel aliitumia njia hiyo kwa mdomo wa bomba ambamo maji ya moto hugeuka mvuke yakiwa mwendoni. Hesabu za maji na mvuke vinavyokwenda pamoja zilikuwa ngumu kupita uwezo wa wakati ule. Kwa hiyo aliutengeneza mdomo huo kwa pete za shaba nyeupe zinazoweza kupangwa upya, na kila mpangilio ukapimwa kwa vitendo. Ufanisi ulipanda kutoka asilimia 55 hadi karibu asilimia 80, na umbo lililopatikana lilikuwa na vyumba na mabonde ambayo hakuna mhandisi angeyachora kwa kufikiri. Bomba la Kivu nalo hubeba maji na gesi kwa pamoja, na tatizo lake ni la ukoo huohuo.

Huku Afrika ya Kati kazi ilikuwa ya kupima kwanza. Misafara ya watafiti wa Marekani na Ujerumani ilifika ziwani katika miaka ya 1970, na vipimo vya Mjerumani Klaus Tietze vya 1974 na 1975 vikawa msingi wa hesabu zote zilizofuata. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire, yaani Kongo ya leo, zilikubaliana kuivuna gesi kwa pamoja kama mali ya nchi mbili. Mitambo mikubwa, hata hivyo, haikujengwa kwa zaidi ya miongo mitatu mingine.

Katika kipindi hichohicho akili mnemba iliingia katika kupanga vipande vya mashine kwa mara ya kwanza kwa faida ya kibiashara. John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliandika programu ya R1, na kuanzia 1980 kampuni ya Digital Equipment iliitumia kupanga kompyuta zake za VAX: kabati lipi, waya upi, kadi ipi iende wapi ili mteja apate mashine kamili. R1 haikujifunza chochote. Ilibeba mamia, baadaye maelfu, ya kanuni zilizokusanywa kutoka kwa mafundi, za namna ya "ikiwa hiki kipo, basi kile kinahitajika". Ilifanya kazi vizuri mpaka kanuni zikawa nyingi mno kutunzwa. Chuo hichohicho kilitiliana saini na serikali ya Rwanda mwaka 2011 na kufungua tawi Kigali.

Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitapika kaboni dioksidi usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa kwa kukosa hewa. Nyos ni kibwawa ukilinganisha na Kivu. Wakazi wa Goma, mji wa Kongo ulio mpakani, na wa Gisenyi walikuwa wakiijua hatari hiyo kwa kiwango kidogo, kwani mashimoni na mabondeni kuna mazuku, mifuko ya kaboni dioksidi inayoua mifugo na wakati mwingine watu. Baada ya Nyos, mtambo wa gesi haukuweza tena kusanifiwa kama kiwanda tu. Ulikuwa pia chombo kinachogusa usalama wa watu milioni mbili na zaidi wanaoishi kandokando ya ziwa. Mwaka 2001 timu iliyoongozwa na Mfaransa Michel Halbwachs iliweka bomba la polithini katika Nyos lililopandisha maji kwa nguvu ya gesi yenyewe, na maji yakaruka juu kwa makumi ya mita. Huo ulikuwa uthibitisho wa wazi kwamba kanuni ya Rubona inaweza kufanya kazi miaka nenda miaka rudi bila pampu. Mwaka uliofuata, Januari 17, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba tabaka za chini hazikutikisika.

Programu za kusanifu zilikuwa zimesonga mbele. Mwaka 1988 Martin Bendsøe wa Denmark na Noboru Kikuchi, Mjapani aliyefundisha Michigan, walichapisha njia ya kukokotoa mahali ambapo chuma kinahitajika na mahali ambapo kinaweza kuondolewa katika kipande kinachobeba mzigo. Karibu na wakati huo zilikuja programu za kuchora ambazo vipimo vyake vimeunganishwa: ukibadili kipenyo cha bomba, flenji, boliti na mhimili wake hujibadili pia. Kwa mtambo wa aina ya Kivu hili lilikuwa na maana kuliko uvumbuzi mwingi wenye jina kubwa zaidi, kwa sababu asili ya kazi ile ni vipimo vinavyovutana.

Serikali ya Rwanda ilirejea Rubavu mwaka 2008 na mtambo wa majaribio wa umeme ulioitwa Kibuye Power 1. Jina linapotosha, maana Kibuye ni mji mwingine ulio kusini zaidi, na mtambo uko upande wa Rubona. Ulipangwa kutoa megawati 3.6, ingawa kiasi halisi kilikuwa kidogo kuliko hicho. Mwaka 2009 jopo la wataalamu wa kimataifa liliandika kanuni za uvunaji kwa ajili ya nchi zote mbili. Kanuni hizo zinataka maji yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe kwenye kina ambako hayatavunja mpangilio wa tabaka. Zinakataza pia maji ya kina kumwagwa juu, kwa sababu yana nitrojeni na fosforasi zinazolisha mwani, na mwani ukizidi, oksijeni hupungua na samaki waitwao sambaza, wanaovuliwa usiku kwa taa, hawataishi.

Kanuni za 2009 ndizo hati muhimu kuliko zote katika historia ya usanifu wa mitambo hii, na zinastahili kutajwa kabla ya kompyuta yoyote. Zilibadili swali lenyewe. Kabla yake mhandisi aliuliza jinsi ya kupata gesi nyingi kwa gharama ndogo. Baada yake anauliza jinsi ya kupata gesi nyingi kwa gharama ndogo bila kulitibua ziwa. Programu yoyote ya kutafuta umbo bora hutii ilichoambiwa. Ikiambiwa ipunguze gharama tu, itachagua bomba fupi la kurudishia maji, kwa kuwa bomba fupi ni rahisi na kuyasukuma maji chini kunakula nguvu. Haitakuwa imekosea hesabu. Itakuwa imepewa hesabu pungufu.

Mtambo wa kwanza mkubwa, KivuWatt wa kampuni ya ContourGlobal, ulijengwa katika Wilaya ya Karongi na kuzinduliwa rasmi Mei 2016. Una uwezo wa megawati 26, na jukwaa lake liko kilomita 13 hivi kutoka ufukweni. Rubavu ilipata wake baadaye: ujenzi wa Shema Power Lake Kivu katika eneo la Nyamyumba ulianza 2019, mtambo ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi kwa awamu, na uwezo uliokusudiwa ni megawati 56. Kazi hiyo ilipita kwenye janga la korona na kwenye mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 22, 2021, ambao mitetemo yake ilipasua nyumba na barabara mjini Gisenyi.

Kuna sharti moja la usanifu ambalo halimo katika kitabu chochote cha fizikia. Ziwa Kivu halifikiki kwa meli kutoka baharini. Kila kipande kikubwa kinachotoka ng'ambo hushushwa Mombasa au Dar es Salaam na kusafiri kwa lori zaidi ya kilomita elfu moja, kikipanda milima ya Rwanda yenye kona kali. Kitenganishi na mnara lazima vigawanywe katika vipande vinavyopita barabarani, kisha viunganishwe ufukweni kwa boliti na kuchomelewa. Juu ya hayo, maji ya kina yana asidi na hidrojeni salfaidi inayokula chuma cha kawaida, hivyo plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu hulazimika. Mhandisi aliye mbali anaweza kuyasahau yote mawili, na mashine vilevile.

Miaka ileile ya ujenzi ndiyo iliyoleta usanifu wa akili mnemba kwenye viwanda vya kawaida. Mwaka 2018 General Motors na Autodesk zilionyesha kishikio cha mkanda wa kiti cha gari kilichotafutwa na programu: vipande 8 vikawa kimoja, uzito ukapungua kwa asilimia 40 na uimara ukaongezeka kwa asilimia 20. Programu ilitoa maumbo zaidi ya 150, na binadamu wakachagua. Mwaka 2021 watafiti walitoa DeepCAD, programu iliyofundishwa kwa mifano zaidi ya 178,000 ya michoro ya vipuri ili itunge vipya. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, JoinABLe, iliyojifunza jinsi vipande viwili vinavyoungana kwa kutazama hazina yenye mitambo zaidi ya 8,000 iliyochorwa na watu. Hiyo ni hatua ya kweli, kwani ugumu wa mashine uko zaidi katika maungio kuliko katika kipande kimojakimoja. Juni 2024 kampuni ya LEAP 71 ya Dubai iliwasha injini ya roketi yenye msukumo wa kilonewtoni 5 ambayo umbo lake lilitolewa lote na programu yake ya Noyron, likachapishwa kwa shaba, na injini ikafanya kazi katika jaribio la kwanza.

Mifano mitatu hiyo ya mwisho inaonyesha njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kipi kinaifaa Rubavu. DeepCAD na JoinABLe hujifunza kutokana na wingi wa mifano. Noyron imejengwa juu ya kanuni za fizikia na uhandisi zilizoandikwa na watu, nayo huzitumia kuzalisha umbo. Vishikio, gia na bawaba vipo kwa mamilioni duniani, na mashine ina mengi ya kutazama. Mitambo iliyowahi kuvuna methani kutoka ziwani kwa ajili ya nishati inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na yote iko Kivu. Hakuna hazina ya kujifunzia. Programu inayokisia kwa kufananisha italeta mnara unaofanana na mnara wa kiwanda cha mafuta, na utaonekana mzuri kwenye kioo. Kwa Kivu njia ya Schwefel na ya Noyron ndiyo yenye mashiko: milinganyo ya gesi na maji, masharti yaliyotajwa wazi, kisha mashine iachiwe itafute katikati ya maelfu ya michanganyiko ya kipenyo, kina na mgandamizo.

Hata hapo mashine inategemea vipimo, na vipimo vya Kivu vimewahi kubishaniwa. Mwaka 2005 watafiti wa Uswisi walikadiria kwamba methani ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 15 hivi katika miaka 30, jambo ambalo lingesogeza ziwa karibu na hatari. Mwaka 2018 timu kadhaa zilipima kwa pamoja kwa vyombo tofauti, na matokeo yaliyochapishwa 2020 yakaonyesha kwamba kiasi cha gesi kinakaribia kuwa kilekile cha siku za Tietze. Mtambo uliosanifiwa kwa takwimu za kwanza usingefanana na ule wa takwimu za pili. Mpango wa ufuatiliaji wa ziwa, wenye kituo chake Rubavu, ndio unaoendelea kukusanya vipimo vya kina, joto na chumvi. Katika mnyororo wa kazi hii, mashua yake ya kupimia ina thamani kuliko kompyuta yoyote.

Ujuzi mwingine wa eneo haujawahi kuchorwa kabisa. Goma, ng'ambo ya mpaka, maseremala hutengeneza chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mamia ya kilo za viazi au mkaa, kwa jicho na mkono. Mafundi waliouendesha mtambo wa Rubona kwa miongo minne nao walijua mambo ya kutu, ya vali na ya mawimbi ya ziwa ambayo yalibaki vichwani mwao. Programu ya aina ya R1 ilitegemea kuwahoji watu kama hao na kuandika walichosema, na pengo hilo katika Kivu bado linaweza kuzibwa wakati baadhi yao wapo.

Rwanda imejipanga kwa upande wa taasisi. Mwaka 2019 ilifungua Rwanda Coding Academy katika Wilaya ya Nyabihu, jirani na Rubavu. Mwaka 2022 kikazinduliwa Kigali kituo cha mapinduzi ya nne ya viwanda. Na Aprili 2023 baraza la mawaziri likapitisha sera ya taifa ya akili mnemba. Wanaosoma kuandika programu Nyabihu wako mwendo mfupi kwa gari kutoka kwenye mtambo wa gesi wa megawati 56, na hakuna darasa bora la usanifu wa mashine katika ukanda wote. Umbo la bomba na mnara linaweza kuachiwa programu. Kina cha kurudishia maji lazima kiendelee kuamuliwa na vipimo vya ziwa na kanuni ambazo nchi mbili zimekubaliana.